Mikwamo Mia na Tisa

Ilikuwa mikwamo mia na tisa, na Bwana Ndiyo aliing'oa yote. Aliing'oa mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe, macho kwenye kioo cha kompyuta, hedifoni masikioni, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo. Ilimchukua siku tatu za saa ya chakula cha mchana, na chakula chenyewe hakukigusa. Ijumaa alasiri alipoukata wa mwisho, alikisikiliza kipindi chote tangu mwanzo, dakika kumi na tatu zilizobaki, na sauti ya mama mshonaji aliyerekodiwa humo ilitiririka kama maji ya bomba jipya. Hakuna neno la kukwaruza, hakuna la kuganda. Mwili ulimsisimka mpaka visigino. Tangu afiwe na mkewe, mwaka wa nne sasa, hakuwa ameionja furaha ya namna hiyo. Akajikuta anapiga mluzi kwenye korido ya wodi ya wanawake, hadi muuguzi wa zamu akatoa kichwa mlangoni.

"Fundi, umepata mchumba au umepandishwa cheo?"

Bwana Ndiyo akacheka tu, akapita. Kupandishwa cheo, hospitali hii! Labda aoe kwanza kwenye ukoo wa Mkurugenzi.

Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa umeme hapo hospitali. Shule aliiachia darasa la tano, na waya alijifunza kwa kupigwa shoti. Jina hilo la Bwana Ndiyo walimpa wafanyakazi wenzake kwa kuwa kila alichoambiwa alijibu hivyo. Fundi, utashika zamu ya sikukuu? Ndiyo. Fundi, choo cha Katibu kimeziba, wewe si unajua na mabomba? Ndiyo. Wakubwa walimpenda kwa hilo, na barua moja iliwahi kumtaja kuwa mtumishi mtiifu. Wangejua! "Ndiyo" lilikuwa mojawapo ya maneno machache yaliyomtoka bila vita. "Hapana" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Basi kazi za watu watatu akazifanya yeye, na rohoni akawatukana wakubwa kwa ufasaha ambao hakuna binadamu aliyewahi kuusikia.

Alikuwa na kigugumizi, ndiyo siri yenyewe. Alikuwa nacho tangu utotoni, na alikificha kama mtu anavyoficha kiraka cha suruali. Taa aliita mwanga. Bisibisi aliita kile chuma. Simu hakupokea. Mkewe ndiye aliyekuwa mdomo wake: dukani, shuleni kwa watoto, kwa mwenye nyumba, mke mbele, yeye nyuma anatikisa kichwa. Siku alipokwenda kuandikisha kifo, karani akauliza jina la marehemu. Jina lilianza na herufi B, mbaya kuliko zote. Midomo ikashikana, ikakataa katakata kuachana.

"Mzee, umesahau jina la mkeo?" karani akasema, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Akaliandika kwenye kiganja, akakinyoosha dirishani. Tangu siku hiyo hakumsamehe karani, wala mkubwa wa karani, wala mkubwa wa huyo mkubwa, hadi juu kabisa wanakokaa watu wasiopanga foleni.

Sasa, mtaalamu wa usemi. Huyu alikuwa binti mwembamba, mwendo wa haraka, mkoba mkubwa kuliko yeye. Aliletwa hapo mwaka juzi kuwatibu watu wenye shida ya kusema, akapewa chumba kilichokuwa kinatunza viti vya magurudumu vibovu. Alikuwa peke yake. Mwenzake wa karibu zaidi katika kazi hiyo alikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi. Mialiko ya semina ilikuja mara tatu, ikiwa na jina la idara yake waziwazi, na mara zote tatu alikwenda Katibu wa hospitali, mtu asiyejua kigugumizi na kikohozi vinatofautianaje. Kila mara alirudi na kofia na begi. Begi la pili alimpa mkewe.

Binti hakulia. Akaenda kujisomea kwa masikio. Podikasti, vile vipindi vya kusikiliza mtandaoni! Ukimkuta anakatiza uwanjani, vidude masikioni, anatikisa kichwa, anacheka peke yake, mara anasimama ghafla na kusema "Hapo umekosea, kaka," ungedhani amepandisha mashetani. Kumbe anawasikiliza wataalamu wa mbali huko wakibishana namna ya kumfundisha mtoto alianze neno polepole, au namna ya kumsaidia mtu mzima akwame bila kuona haya. Alisikiliza akifua, alisikiliza akila. Halafu akawasaka wenzake kumi na mmoja, kila mmoja mpweke kwenye hospitali yake, wakaanzisha podikasti yao kwa Kiswahili.

Walikutana kwa simu, na binti alirekodia kwenye stoo ya mashuka, kwa sababu mashuka yanameza mwangwi. Bwana Ndiyo ndiye aliyewafungia maikrofoni; zamani aliwahi kufunga vipaza sauti kwenye maharusi. Kila baada ya wiki mbili walisikiliza mtu mmoja mwenye kigugumizi akizungumza, kila mtaalamu na karatasi yake. Neno likitoka salama, nukta. Likikwama, mkwaju, ule mstari wa mshazari. Mwisho wanataja hesabu zao na kuanza kubishana. Huyu amepata ishirini, yule ishirini na sita, nani amesikia vibaya? Wanarudisha, wanasikiliza tena. Ndivyo sikio la kazi hiyo linavyonolewa.

Jumamosi hii haikuwa ya kawaida. Kibali cha binti cha kufanya kazi kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi, na hakihuishwi bila saa za mafunzo, na saa zilizotambuliwa ni zile za semina tu, zile zile za kofia na begi. Aliandika barua tisa kwa Baraza la wataalamu kuomba podikasti ihesabiwe. Ya tisa ikajibiwa: mjumbe mmoja atasikiliza kipindi cha Jumamosi saa nne asubuhi. Akiona watu wanajifunza kweli, saa zitahesabiwa. Asipoona, basi. Na kibali kikifa, chumba kinarudi kwa Katibu, ambaye alishapita mara mbili kupima dirisha kwa ajili ya mapazia.

Kwa siku hiyo binti alimtafuta mama mshonaji, mwanamke wa makamo mwenye kigugumizi kizito na asiyemwogopa mtu. "Ni-nirekodini nilivyo," alisema, akamaliza kazi yake kwenye stoo, akapanda basi kwenda kwa dada yake kijijini, kusikoshika simu. Binti akampa fundi kinasa sauti.

"Mzee wangu, kuna mvumo wa mashine za kufulia nyuma ya sauti. Utautoa?"

"Ndiyo."

Aliutoa mvumo kwa dakika kumi. Baada ya hapo ndipo akamsikiliza mama wa watu. Kila alipokwama, Bwana Ndiyo naye alirudi kule dirishani. Aliona foleni. Aliona karani. Watu kumi na wawili wakae wamsikilize mama wa watu akihangaika hivi? Na mkubwa wa Baraza juu yake? Akashika kazi. Alipomaliza, rekodi ya kwanza akaifuta kabisa, asije mtu akaifufua. Kwa nia njema alifanya hayo. Hakuna aliyewahi kumwambia ile mikwamo ndiyo waliyokuwa wakiitafuta. Yeye aliwafungia waya na kuondoka. Mambo ya nukta na mikwaju alidhani ni maksi za kumkosoa mtu.

Jumamosi saa nne kasoro dakika tano, stoo ilikuwa imebana mpaka pumzi. Simu mezani, spika wazi, wale kumi na mmoja kwenye laini. Binti na karatasi yake, goti linacheza. Katibu naye kaja "kushuhudia," kakalia furushi la mashuka safi kwa suruali yake ya vumbi. Bwana Ndiyo kasimama kwenye swichi, tabasamu limemjaa uso, anasubiri kushukuriwa.

"Wote tupo?" binti akauliza.

"Tupo, dada!"

"Wa huku milimani nipo, lakini jogoo wa jirani naye yupo."

Vicheko. Kisha sauti nzito ya mwanamke mtu mzima: "Na mimi wa Baraza nipo. Endeleeni kama kawaida yenu, msinipambie."

Bwana Ndiyo akabonyeza. Sauti ya mshonaji ikamiminika.

Kalamu ya binti ikaanza: nukta, nukta, nukta. Nukta. Akainua macho. Nukta, nukta. Akasogeza sikio karibu na spika. Mstari mzima wa nukta, na wa pili, na wa tatu. Rangi ikamtoka. Fundi alimwona akibadilika na tabasamu lake likaanza kufa pembe moja baada ya nyingine, asijue kosa liko wapi. Dakika za mshonaji zikaisha. Kati ya ishirini na mbili zilikuwa zimebaki kumi na tatu tu.

"Hesabu zenu," binti akasema kwa sauti ndogo.

Karatasi zikasikika zikigeuzwa.

"Jamani, mimi nimepata sifuri," akasema mmoja. "Labda nilisinzia."

"Sifuri na huku."

"Mimi nina mmoja, ila nadhani ni jogoo."

Hakuna aliyecheka. Yule wa Baraza akakohoa. "Binti yangu, nimemsikiliza mwanamke anayesema vizuri kuliko mimi. Mgonjwa yuko wapi? Mnajifunza nini hapa?"

Katibu akapangusa midomo kwa leso, kwa raha zake. "Nilisema mimi," akanong'ona kwa sauti ya kusikika. "Mafunzo ni ukumbini, na makabrasha. Si mambo ya kusikiliza redio stoo."

Binti akafunika maikrofoni kwa kiganja. "Mzee, umefanyaje?"

Bwana Ndiyo akatengeneza mkasi kwa vidole viwili, akakata hewa.

"Yote?"

"Ndiyo."

"Na ile ya kwanza?"

Akapuliza kiganja. Imekwenda. Sasa alielewa. Ile mikwaju haikuwa maksi za aibu. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Na yeye, katika wote waliomwonea binti huyu, ndiye aliyemmaliza.

Alitegemea kelele. Binti hakupiga kelele. Alimtazama, si machoni, mdomoni.

"Uliikata mingapi?"

Akaonyesha kwa vidole: moja, sifuri, tisa.

"Mimi mwenyewe niliposikiliza nilihesabu tisini na saba." Alisema taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani na mkono ukagusa kitasa. "Na nina cheti, mzee. Hiyo kumi na miwili niliyoikosa, wewe umeisikiaje? Sikio hilo umelipata wapi?"

Hakungoja jibu. Akaondoa kiganja kwenye maikrofoni. "Mama, nisamehe. Kumetokea hitilafu na rekodi. Naomba dakika tano."

"Ninazo kumi na tano, kisha nina kikao. Tumia utakavyo."

Binti akashika kalamu, akaiachia. Hakuwa na mtu wa kumweka mbele ya maikrofoni. Au alikuwa naye, lakini hakumwangalia, hakumwomba, hata kwa kope. Hilo ndilo lililomchoma Bwana Ndiyo. Miaka yote watu walimsukuma: sema basi, tema hilo neno, pumua kwanza. Huyu, roho yake mkononi, amekaa kimya amwachie mwenyewe uamuzi.

Miguu ikatangulia kabla ya akili. Akavuta kiti, akakaa, akaivuta maikrofoni mpaka ikamgusa ndevu.

"M-m-mimi," akasema. "M-mimi ndiye fu-fu-fundi."

Katibu akaangua kicheko. "Fundi, acha utani! Wakubwa wanasikiliza, wewe unaigiza watu?"

"Nani huyo anayecheka?" sauti ya Baraza ikakata kama panga.

"Katibu wa hospitali, mama," binti akajibu haraka, na furaha ndogo ikamponyoka.

"Mwambieni atoke au anyamaze. Fundi, endelea baba. Kalamu zetu zipo."

Kalamu zetu zipo! Bwana Ndiyo alizisikia zikikwaruza, huko mbali, kupitia spika, na badala ya kumtisha zikamwasha. Maana kwa mara ya kwanza maishani kukwama kwake kulikuwa na kazi.

"Ni-nimeikata mimi. Mi-mi-mia na tisa. Ni-nilimwonea huruma." Akameza mate. "Na m-mtaalamu alikosa ku-kumi na miwili. Si k-k-kosa lake. I-ile haina sauti. Mtu a-anafika kwenye neno, a-anaona limefunga, a-anakwepa. A-anachukua jingine. Ny-nyie mnaweka nukta. Wa-wakati hapo ndipo a-alipoangukia."

"Simama hapo!" akaruka yule wa milimani, jogoo na yote. "Samahani baba, usisimame, endelea, lakini toa mfano!"

"Mfano ni t-t..." Alitaka kusema mwanga. Ulishafika ulimini, laini, tayari. Akausukuma pembeni. "T-t-t-taa! Mi-miaka thelathini ni-nafunga taa hospitali hii, na si-sijawahi kuitaja!"

Kicheko kilicholipuka kwenye ile simu hakikufanana hata kidogo na cha foleni. Hiki kilimkumbatia. Na yeye akacheka, Bwana Ndiyo, meno nje, machozi yanamtiririka, na maneno yakawa yanagombania mlango. Akawaeleza simu inapolia anavyoiacha iite. Akawaeleza "ndiyo" lilivyompa kazi za watu watatu, na alipofika kwenye choo cha Katibu, binti alijua furushi gani la kutazama. Akawaeleza kuhusu mkewe.

"A-aliitwa," akasema, na midomo ikashikana.

Ile B. Ikafunga kama mlango wa chuma. Alisukuma. Mishipa ya shingo ilimsimama, jicho moja likafumba lenyewe. Sekunde ya tatu, ya nne. Alisubiri mtu amsaidie, amtajie, acheke, akohoe. Sekunde ya saba. Mtu hata mmoja hakuthubutu. Watu kumi na watatu, hospitali kumi na mbili na Baraza zima, walikaa kimya wakamngoja fundi wa darasa la tano. Hata jogoo alinyamaza. Sekunde ya kumi binti alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, lakini mdomo wake alikuwa ameufunga.

Likatoka. Lilitoka zima, kwa sauti kubwa mno, likagonga rafu za mashuka. Akalirudia, safari hii likakwama kidogo tu. Akalirudia tena kwa sababu alipenda.

"Hesabu!" binti akapiga kelele, akisahau kabisa kwamba kuna Baraza. "Hesabu, jamani!"

"Sitini na moja!"

"Arobaini na nane!"

"Arobaini na nane? Dada, ulikuwa unasikiliza au unasonga ugali?"

"Sikuhesabu aliporudia kwa makusudi!"

"Na ile ya taa? Mimi nimeipa mikwaju minne."

"Ni mkwamo mmoja huo, mrefu. Tusikilize tena!"

"Subirini, subirini, swali langu ni kubwa zaidi," akasema wa milimani, anahema kama aliyekimbia. "Neno alilolikwepa mtu tunaliandikaje? Karatasi zetu hazina alama yake! Nina mtoto kliniki, msichana, kila wiki namwandikia sifuri, mama yake ananiambia nyumbani hasemi kitu. Nilikuwa namwona amepona. Kumbe anakwepa! Anakwepa mbele ya macho yangu!"

Watu kumi na wawili wakawakumbuka wagonjwa wao.

"Mimi nimepata hamsini na tano," ikasema sauti nzito. Wote wakashtuka. Mwanamke wa Baraza alikuwa amehesabu. "Na huyo aliyesema mkwamo wa taa ni mmoja, mimi naye hatuelewani. Rudisheni hapo."

Binti akatazama kinasa sauti. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Fundi alikiwasha alipokaa, kwa mazoea tu. Wakarudisha. Wakabishana. Mwanamke wa Baraza akashindwa, akakubali kwa shingo upande, kisha akasema kikao chake kingine kimsubiri, walio huko hawajui hata wanakutana kwa ajili gani.

"Saa zenu zitahesabiwa," akasema. "Naandika leo, na wa kunipinga ndani ya Baraza ataletwa kwenye simu hii asikilize. Ila sharti moja: mtu asiguswe sauti yake na mkasi tena."

"Ha-haitarudiwa," akasema Bwana Ndiyo.

Katibu akainuka, akajipangusa suruali, akasema ana mambo ofisini. Hakuna aliyemuaga. Furushi la mashuka lilibaki na alama ya makalio yake.

Binti alikuwa anacheka na kulia, hajui aanze na lipi. "Mzee wangu, kumbe... Mbona hukuniambia? Mlango kwa mlango, miaka miwili!"

"U-ungenitibu," akasema. "Ni-niliogopa utanitibu."

"Na sasa?"

"S-sasa ngoja kwanza. Huyo wa mi-milimani hajamaliza swali lake."

Na kweli hakuwa amemaliza. Alitaka kujua amwulize nini yule msichana, Jumatatu, bila kumtisha. Bwana Ndiyo akakuna ndevu, akawaza. Hapo mlango ukagongwa kwa nguvu, ukafunguka, na kigari kitupu cha mashuka kikaingia kikifuatwa na mama msimamizi wa ufuaji, mikono kiunoni.

"Fundi! Wodi tatu hazina mashuka, nyie mmejifungia humu mnapiga soga?"

"Su-su-su..."

"Sukari? Sufuria? Sukuma nini? Sema basi, baba, nina kazi!"

"MWACHE AMALIZE!" zikafyatuka sauti kumi na mbili kutoka mezani, kwa pamoja, na ile ya Baraza, ambayo ilikuwa bado haijakata simu, ikiwa juu ya zote.

Mama wa watu akaruka nyuma, akaitazama simu, akamtazama fundi, akashusha mikono.

"Su-subiri hapo nje ki-kidogo, mama," Bwana Ndiyo akasema bila haraka yoyote. "Tu-tunafundisha."

Akaigeukia maikrofoni.